Mikrismasi ya Malindi, Sakitu ya Naro Moru

Jumatatu, 8 Desemba
Miti imefika Naro Moru! Mikrismasi minne ya Malindi ndani ya madebe, maua mekundu kama makaa. Jumamosi mpwa wangu Ngendo anaolewa, na picha zitapigwa kwangu, si kwa Kinuthia jirani. Nimemwahidi ndege na vipepeo. Kabichi za Phyllis nimezing'oa kupata nafasi. Phyllis anazihesabu moja moja. Sielewi mke wangu anahesabia nini.

Jumatano, 10 Desemba
Sakitu imeshuka, umande wote umeganda barafu. Maua chini yote! Ndege hakuna. Kipepeo mmoja, naye alikuwa anapita kwenda kwa Kinuthia. Kinuthia aliuliza kutoka ng'ambo ya ua kama nimepanda fimbo za kuchungia. Phyllis akasema, "Baba Wakiuru, hiyo miti iko na homa. Ifunike blanketi." Nikauliza blanketi gani. Ati yangu!

Alhamisi, 11 Desemba
Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Mti wa Pwani umezoea nini? Bahari. Na bahari ni nini? Chumvi! Nimenunua gunia zima la chumvi ya mifugo, nikamwaga shinani, nikatia maji. Tope zuri sana. Ngendo amepiga simu: asipokuta chochote kinachoruka, anavuka kwa Kinuthia na harusi yake yote.

Jumamosi, 13 Desemba
Msiba! Ng'ombe wa Kinuthia amevunja ua, analamba bustani kama ukoko wa sufuria. Miti ameitafuna yote. Namfukuza, anarudi. Msafara wa bibi harusi ukaingia. Nikajificha nyuma ya choo.

Nikasikia vigelegele. Nikachungulia. Ndege weupe, yangeyange, wamemfuata ng'ombe, na vipepeo wa manjano wametanda juu ya tope la chumvi! Ngendo akapigwa picha kumi amemkumbatia ng'ombe. Akamshukuru Kinuthia, aliyefika kumtafuta ng'ombe wake. Kinuthia akamjibu, "Si kitu, mami. Mjomba wako aliniomba sana nimlete."

Sikumwomba! Ama nilimwomba?

Jumapili, 14 Desemba
Kanisani watu walipanga foleni kumwomba Kinuthia ng'ombe wa harusi. Mimi sikuulizwa hata jambo. Phyllis anasema shamba limekufa, hata magugu hayataota. Maneno ya mtu asiyesoma mambo ya miti. Mimi nimeona kosa: nilileta Pwani nusu. Chumvi bila mchanga! Lori la mchanga linakuja kesho, na minazi miwili juu yake.

Phyllis ameuliza kama lori likirudi litapitia Karatina kwa mama yake, na kama vitanda vitaenea. Nimemwambia nafasi ipo tele.

Sielewi mama mkwe anataka vitanda vya nini.