Mechi ya Siku ya Kulungu

Jumatano, 1 Septemba 2021
Tumepigwa tena! Daraja la tano, wa pili kutoka mkiani. Imebaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Lauvnes. Sare inatosha, tukifungwa tunashuka. Torgunn, mama wa kibanda cha soseji, ametangaza mbele ya watu kwamba tukishuka atagombea cheo changu. Miaka kumi na moja mimi ndiye meneja wa timu! Eti, "Bwana Halstein, pumzika baba, umechoka." Nimechoka? Atanitambua.

Alhamisi, 2 Septemba
Nimepata! Mechi ni tarehe 3 Oktoba. Isogezwe hadi 25 Septemba, siku uwindaji wa kulungu wakubwa wa huku kaskazini unapofunguliwa. Lauvnes ni wawindaji wote, kuanzia kipa hadi dereva wa basi. Siku hiyo hata harusini hawaendi. Nimempigia meneja wao, Asbjørn, nikamdanganya kwamba uwanja wetu utafanyiwa matengenezo Oktoba. Akakubali papo hapo, tena akanishukuru. Mjinga yule! Akili ni nywele.

Jumatatu, 20 Septemba
Mazoezini wamekuja wanne. Nikauliza wengine wako wapi. Eirik, mshambuliaji wangu, akasema wanasafisha bunduki. Jumamosi alfajiri wanaingia msituni, na yeye yumo. Nikamkumbusha mechi. Akacheka: "Mzee, kulungu hamngoji refa."
Kumbe na sisi ni wawindaji! Nilijua, bila shaka nilijua, ila akili yote ilikuwa kwa Lauvnes. Nikaenda dukani kusoma orodha ya wawindaji ukutani. Namba nne: Halstein Brekkås. Mwandiko ni wangu.

Jumatano, 22 Septemba
Nimemwomba Asbjørn turudie tarehe ya zamani. Hataki. Vijana wake wako tayari: kwao hawawindi Jumamosi wala Jumapili, tangu enzi za babu zao. Wanaanza Jumatatu!
Na kiongozi wa wawindaji wetu ni nani? Torgunn. Nikaenda kumbembeleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ujanja mwingi mbele giza, baba." Lakini ameahidi kwamba kulungu akianguka mapema, atawaleta vijana.

Jumamosi, 25 Septemba
Sheria inataka angalau wachezaji saba. Nilikuwa na sita. Wa saba nikawa mimi, golini, miaka hamsini na nane, na glavu za kuzolea theluji. Hadi mapumziko tumeshafungwa mawili.
Mara trekta! Torgunn kwenye usukani, nyuma kulungu mkubwa kuliko ng'ombe, na vijana wanne wamebanana pembeni yake na kofia zao za rangi ya machungwa. Waliingia uwanjani hata mikono hawajanawa. Eirik akafunga. Akafunga tena! Mbili kwa mbili! Watu wakapiga honi za magari. Nililia, sioni haya kusema.
Kati ya hao wanne alikuwemo Jostein, kipa wetu halisi. Torgunn akapaza sauti nimpishe. Nimpishe, ili sifa azichukue Torgunn? Nikamwambia Jostein acheze beki. Dakika ya themanini na tisa mpira ukaja polepole, hata mtoto angeuokota. Mimi nilikuwa nimegeuka, nampungia Torgunn mkono.
Tatu kwa mbili. Tumeshuka.

Jumanne, 28 Septemba
Mkutano wa timu. Torgunn amepata kura zote isipokuwa moja, na mke wangu anasema si yake. Mimi nimepewa kibanda cha soseji.
Hajui alilolifanya! Ratiba ya mwakani inabandikwa palepale kibandani. Nimeshachunguza: daraja la sita wapo Sørbygda, wafugaji watupu. Jumamosi ya pili ya Septemba wote hupanda milimani kuteremsha kondoo. Mechi yetu nao isogezwe siku hiyohiyo! Hatapatikana hata mmoja.
Kweli, na sisi kondoo tunao. Eirik ana hamsini, Jostein thelathini, mimi kumi na wawili. Lakini safari hii vijana wataelewa.