Mlinzi wa Watoto, Yaani Mimi

Jumatatu, 8 Desemba
Nimekipata! Chuo chetu hapa mpakani kimeleta watoto wa kambi ya likizo, na kuna cheo: Mlinzi wa Watoto. Truphena, matroni kutoka upande wa Kenya, naye alikimezea mate. Nikamwahi Daktari Acom, mkuu wa kambi, kabla hajanywa chai. Nikamwambia nina uchungu sana na watoto. Akakubali upesi ajabu. Tayari najiona na meza, feni, na watu wakiniita Afisa.

Jumanne, 9 Desemba
Nimepewa buti, rungu na geti! Kumbe kwa Daktari mlinzi ni mlinzi. Meza na feni ni za Truphena. Yeye ni Mratibu. Mke wangu nimemwambia nasimamia mlango mkuu. Si uongo.
Mchana Truphena alitufundisha sheria: mtu mzima asijifungie na mtoto peke yao, na mtoto aondoke na aliyemleta tu. Sikusikiliza sana. Nilikuwa naandika AFISA OKIA kwenye kipande cha boksi. Kimenikaa vizuri kifuani.

Jumatano, 10 Desemba
Mwanamume wa pikipiki nyekundu alikuja getini. "We askari, fungua. Nakuja chukua mtoto yangu, Apio."
Askari! Na boksi analiona! Nikamwambia sifungui. Akasema yeye ni baba. Nikasema hata angekuwa babu. Akaondoka akinitukana.
Jioni akaja mama yake Apio, muuza samaki wa Busia. Aliposikia, alinieleza yote. Yule ni baba mdogo wa mtoto. Kwa hiyo "baba" kweli, ila amekwisha kumtafutia Apio kazi ya ndani ng'ambo ya mpaka. Apio ana miaka tisa! Mama alimleta hapa ili kumficha. Alinishika mikono akalia.
Daktari akanisifu mbele ya wote: mnaona mtu anayeijua sheria? Truphena akapiga makofi. Habari ya askari sikuigusa.

Alhamisi, 11 Desemba
Shujaa hasimami. Nimeomba kiti, nikapewa, tena chenye mto! Wapishi wameniongezea nyama.
Truphena ameongeza kufuli la pili getini, ufunguo anao yeye. Anasema geti lahitaji watu wawili kama kila kitu kinachohusu watoto. Wivu mtupu.

Ijumaa, 12 Desemba
Pikipiki nyekundu tena. Safari hii jamaa alivua kofia. "Afisa, pole na kazi. Naomba tu mtoto, kama Afisa ataruhusu."
Afisa, mara mbili! Ndivyo watu wanavyolelewa. Nikafungua kufuli langu papo hapo. La Truphena likagoma. Kwa aibu nikampitishia mgeni kiti changu juu ya geti, akae, nikaenda kuomba ufunguo. Truphena akauliza ni nani. Nikamwambia ni baba yake Apio, mtu wa adabu sana. Akanitazama, akachukua simu.
Polisi walimkuta bado amekaa, mto mgongoni.
Daktari amesema ule mtego wa kiti ni akili ya pekee. Mama Apio ameniletea samaki mzima, sangara! Apio amenichora nikiwa mrefu kuliko geti. Sifa zote nimezipokea.
Ila baina yangu na karatasi hii, polisi wamekosea. Mtu mwenye adabu vile! Mwakani namwomba Daktari anipe funguo zote mbili.