Mikono Rasmi ya Mwenyekiti

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, pale Kamati ya Ustawi wa Mbwa ya kijiji cha Hepdon, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ilipobandika tangazo: kila teria, yule mbwa mdogo wa kuwinda mbweha, atapimwa. Kifua chake kizingirwe na mikono miwili mpaka vidole vikutane, ili aweze kuingia shimo la mbweha na, la muhimu zaidi, kutoka. Manyoya yanyonyolewe kwa vidole, mashine marufuku. Atakayeanguka kipimo hicho atahamishiwa kwa mtunzaji aliyefaulu.

Mzee Cuddy Hedley, mchunga kondoo mstaafu, alilisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Alikwisha kuilaumu Kamati hiyo kwa mvua, kwa mafua, na kwa kifo cha mkewe Hilda. Sasa ilimtaka na Tansy, teria wa Hilda, ambaye hakuwa amenyonyolewa tangu mazishi na alifanana na zulia la mlangoni.

"Wametuonea," Cuddy alimwambia. Tansy akamtazama kama anayejua nani hasa kamwonea.

Kunyonyoa ilikuwa kazi ya Hilda. Kwa miaka arobaini na mmoja, kazi ya Cuddy ilikuwa kusimama pembeni na kusema, "Umesahau hapo." Alipojaribu mwenyewe, wiki nzima, Tansy alipata kipara kwenye tako la kushoto, naye malengelenge vidole vyote.

Siku ya ukaguzi likazuka swali: mikono ya nani? Kamati ikajifungia kwa saa tatu, ikaazimia kwamba mikono rasmi ni ya Mwenyekiti, Bwana Aubrey Charlton. Mikono yenyewe ilitosha kushika kijiko cha chai, basi. Mbwa tisa wakaanguka mmoja baada ya mwingine.

Ikawa zamu ya Tansy. Tangu msiba, yeye na bwana wake wote wawili walikuwa wakisahau kula. Vidole vikakutana.

"Kapita," alisema karani, Bi Thirlwell.

"Ana kipara huyu," alisema Mwenyekiti.

"Kanuni inasema anyonyolewe, Bwana. Haisemi kwa ustadi. Sasa amebaki mbwa wako, Brigadia."

Brigadia alikuwa mviringo kama birika. Vidole vya Mwenyekiti vikaachana kwa upana wa kiganja.

"Ni manyoya tu hayo."

"Amenyolewa kwa mashine, Bwana. Mpaka ngozi inaonekana."

Basi mbwa kumi wakahamishiwa kwa mtunzaji pekee aliyefaulu, Cuddy, mtu aliyeshindwa hata na mmoja.

Kila Jumapili Mwenyekiti huja kusimama getini na kofia mkononi.

"Cuddy, ndugu yangu, Brigadia anakula?"

"Kuliko mimi. Subiri apungue, utampima tena."

"Kwa mikono hii hii?"

"Si ndiyo rasmi? Mliazimia wenyewe."

Jumapili iliyopita Mwenyekiti alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu. Cuddy naye, Tansy akiwa mapajani na kile kipara kikianza kuota manyoya, akajikuta anavitazama vyake.

"Hivi, Cuddy," Mwenyekiti aliuliza, "kama tangu mwanzo kosa halikuwa la mbwa, ni la mikono?"

Bi Thirlwell, aliyesimuliwa na Mwenyekiti, ameliandika swali hilo kwenye kumbukumbu za Kamati. Nafasi ya jibu bado iko wazi.