Malaika Mwenye Mkia

Msomi hakuwa amesoma sana, ila miwani ilimkaa vizuri. Aliingia saluni ya Mama Rasta kukwepa mvua, na macho yake yakaganda ukutani.

Juu ya sinki ilining'inia picha iliyopigwa na simu kwa bahati mbaya siku panya alipoanguka kutoka darini. Wateja wote walikuwa wametazama juu, midomo wazi, mikono imetawanyika. Taulo ziliwaporomoka mabegani kama mavazi ya kifalme, nyuso zilipakwa udongo mweupe wa urembo, na mwanga wa dirishani uliwamulika upande mmoja. Ilikuwa kama mmoja wa michoro ile ya kale inayolindwa na askari kwenye makumbusho. Kilichobaki ni mnunuzi mpumbavu, na Msomi alimjua mmoja, mwenye hoteli.

"Dada, hii unaiuzaje?"

"Siiuzi. Ni kumbukumbu ya marehemu."

"Pole sana. Marehemu yupi?"

"Panya."

Msomi alisihi, akasifu, akamwapia kwa kaburi la mama yake, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani akila. Mama Rasta alisuka tu. Mwisho akanyoosha kitana kuelekea dirishani, nje ilipoegeshwa pikipiki, mali pekee ambayo Msomi aliipata kihalali. Mkewe aliipakilia mboga kila alfajiri, na alishamwonya: "Siku utakayorudi kwa miguu, lala hukohuko."

Lakini tamaa haina breki. Akaacha ufunguo, akaondoka na picha.

Duka la mabango likamkuzia picha kwenye turubai. Akaipaka vanishi, akaifukiza juu ya jiko mpaka ikakohoa uzee, kisha akaibeba hadi ofisini kwa mwenye hoteli.

"Mchoro wa mkono, mheshimiwa. Karne nyingi! Malkia na wajakazi wake wakitokewa na malaika."

"Hawa waliovaa mabakuli kichwani?" Yalikuwa madraya ya kukaushia nywele.

"Askari wa malkia. Chuma kitupu."

"Na malaika ndiye huyu kwenye kona? Mbona ana mkia?"

"Wa zamani walikuwa nao, mheshimiwa."

Mwenye hoteli aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni. Ni kawaida: tajiri yuko radhi kuibiwa kuliko kuonekana hajui. Akasogea kwa malkia, aliyekaa mbele, bega wazi.

"Lakini bega hili, Msomi! Tazama lilivyojaa! Wanawake wa hivi hawazaliwi tena. Nitalitundika mapokezi, kila anayeingia alione." Akashuka na kidole kutoka begani hadi kwapani. Kidole kikasimama.

Kwapani mwa malkia mlibanwa mkoba wa njano, kifungo kimeshikwa na pini. Mwanamke mmoja tu mjini alikuwa nao, na hakuuachia hata usingizini.

"Mama mkwe!" Mwenye hoteli akajifunika uso kwa tai. "Nimelisifia bega la mama mkwe! Walinzi! Fungeni geti! Huyu mtu asitoke!"

Msomi hakungoja geti. Alipitia jikoni, akaruka ukuta, akaacha miwani na kiatu kimoja. Alifika saluni akichechemea.

"Dada, nirudishie pikipiki. Mtoto wa watu nitalala nje!"

"Kwani nilikulazimisha?" Mama Rasta hakuinua hata macho. "Ulisema umepata bahati. Mimi nani niizuie bahati ya mtu?"

Msomi akatazama ukutani kwa uchungu. Nakala nyingine ya picha ileile ilikuwa juu ya sinki, fremu mpya, msumari uleule. Na mbele yake alisimama mgeni mwenye tabasamu pana na viatu vilivyong'aa, mkono kidevuni, macho yakimetameta. Nje palikuwa na pikipiki ngeni, nyekundu, mpya kuliko yake.

"Mama, hii unaiuzaje?" mgeni akauliza.

"Siiuzi, mwanangu. Ni kumbukumbu ya marehemu."

Msomi akasogea karibu. Akamwinamia Mama Rasta sikioni. "Hiyo nyekundu chukua wewe. Mimi nirudishie yangu."

"Shika fagio kwanza," Mama Rasta akanong'ona, "asione una haraka."

Msomi akashika fagio. Akafagia taratibu hadi miguuni mwa mgeni, akainua uso kwa huzuni kubwa.

"Usijisumbue, kaka. Mimi nimeibembeleza mwezi mzima. Umemwona malaika?"