Shati la Mihuri Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya leo, mara tu baada ya misa, heshima yangu imekwisha. Naandika haraka kabla hamjaisikia habari hii kwa majirani, maana wao wataongeza chumvi, na haihitaji.

Mnakumbuka nilitangaza kwamba nitaendesha baiskeli kutoka Nia-Nia hadi hapa Bunia, ili tupate mabati ya darasa la watoto waliokimbia vita kule Djugu. Wanasoma chini ya hema lililotoboka. Mvua ikianza, somo linakwisha. Wafadhili waliahidi, wote pamoja, dola sitini kwa kila kituo nitakachothibitisha kwa muhuri. Nusu ya ahadi hiyo ilikuwa ya Mzee Kambale, mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Butembo. Huyo hata akisamehewa dhambi hudai risiti.

Nilijipanga kisayansi (ndiyo, chekeni mapema). Karatasi ingelowa msituni. Simu, kwenye barabara ile, hubadilisha mwenyewe. Basi nikaamua mihuri ipigwe kwenye shati langu jeupe, mgongoni, kwa sababu shati haliibwi kirahisi mwenyewe akiwa ndani. Wino wa mihuri niliupima kabla ya safari. Kwa maji. Haukutoka. Nikajipongeza.

Nilifika Alhamisi na mihuri saba mgongoni, ya machifu na parokia, yote ikisomeka. Nikalitundika shati kwenye kiti, nikalala kama mfu.

Leo asubuhi mke wangu, Mama Furaha, amenipa mfuko: shati lako hilo, nimelikunja vizuri. Mimi, mtu wa kukagua kila kitu mara mbili, sikukagua hata mara moja.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Padri akanikaribisha. Nikahutubia juu ya umuhimu wa ushahidi katika maisha ya jamii (kwa kirefu, samahani). Kisha nikalishika shati mabegani, nikalifunua mbele ya watu wote.

Jeupe. Lilikuwa limenyooshwa kwa pasi. Liling'aa kama kitambaa cha altare.

Nikaligeuza. Upande wa pili ulikuwa safi zaidi.

Halafu mama mmoja kule nyuma akauliza, kwa nia njema kabisa, ni sabuni gani ile.

Nilimtazama Mama Furaha. Alikuwa anatabasamu kwa fahari.

"Nilifula na javel mara mbili," akawaambia wenzake. "Ilikuwa na madoa mu mugongo yote. Niache bwana yangu asimame mbele ya watu namna ile?"

Javel, dawa ya kung'arisha nguo. Hiyo sikuipima.

Nikaanza kueleza. Nikataja vituo, machifu, hata mbwa aliyenifukuza Epulu. Nikaapa kwamba Mungu aliniona njia nzima.

"Mungu alikuona, njo kweli," akasema Mzee Kambale kwa upole. "Lakini comptable yangu, ule wa mahesabu, hakukuona."

Wafadhili wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Mabati nikayaona yakiondoka moja moja. Mwalimu wa wale watoto, kwenye benchi la mbele, aliinamisha uso.

Mzee Kambale si mtu mbaya. Alinisogezea benchi. "Kaa kwanza, muzee. Tusemezane."

Nikasema nitasimama. Tangu Alhamisi nimekula nikiwa nimesimama, na misa ya leo nimeisikiliza hivyo hivyo kutoka mwanzo hadi baraka (jirani yangu alinisifu kwa ibada). Lakini yeye akanishika bega. "Mutu wa kusema kweli hakatae kiti. Kaa."

Nikakaa.

Sauti iliyonitoka sijawahi kuisikia kwa binadamu. Kuku wa padri walikimbia. Nilisimama haraka kuliko nilivyokaa, huku mikono imeshika mahali ambapo mtu wa umri wangu hashiki hadharani.

Mzee Kambale ndiye aliyeelewa kwanza. Akamgeukia Sista wa zahanati. "Sista, umupime. Na uandike."

Nilikataa kwa nguvu zote. Padri hakubishana nami; alitazama nje dirishani tu, ambako mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nikaingia sakristia na Sista.

Tulitoka na attestation, hati ya uthibitisho, yenye muhuri. Na kwetu, hati haina nguvu mpaka isomwe hadharani. Padri akaisoma kwa Kifaransa, akaitafsiri kwa Kiswahili, kisha katekista akairudia kwa lugha ya nyumbani kwa ajili ya wazee. Makalio yangu, ndugu zangu, yametangazwa kwa lugha tatu, pamoja na vipimo.

Mzee Kambale akasikiliza zote tatu. Kisha akauliza kama majeraha hayo ya tandiko hayangeweza kupatikana kati ya Komanda, kituo cha karibu, na Bunia tu.

"Hapana, muzee," akasema Sista. "Ile inatoka mbali."

Akafungua pochi. Wengine wakafuata. Mwalimu alipiga makofi hadi miwani ikaanguka.

Kwa hiyo tukikutana njiani, naomba salamu ya kawaida, na mtu asinitazame kwa nyuma. Fedha zilizookoka: dola mia nne na kumi na tano. Zingekuwa mia nne na ishirini, lakini zahanati imekata tano za attestation.