Mnyama wa Satini na Mlango wa Sayari

Jumatatu, 6 Mei

Leo Binti kaniletea sayari. Karudi kutoka shule, kaweka mkoba juu ya cherehani (nimemkataza mara ngapi!), kasema darasani wamechaguliana sayari kwa kuokota vikaratasi. Yeye kapata kubwa mno, yenye mvuto mkali, hewa nzito na jua dogo jekundu. Nikamuuliza iko wapi. Akasema haipo, ni ya kufikiria. Nikasema kama haipo basi kazi imekwisha. Akashusha pumzi kama mama yake.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya sayansi. Kila mwanafunzi aonyeshe kiumbe anayeweza kuishi kwenye sayari aliyoiokota, na aeleze kwa nini ameumbika vile. Mshindi mmoja tu atapelekwa ile shule yenye maabara ya kweli. Binti anaitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Anaizungumzia hata akiosha vyombo.

Kisha akanitukana. Kwamba atamwomba mjomba wake amtengenezee vyote viwili, sayari na kiumbe. Mjomba! Yaani shemeji yangu, seremala, huyu anayeitwa Milimita. Hatusemeshani tangu mwaka jana. Alinitengenezea meza ya kukatia ambayo lazima nisimame juu ya tofali ndiyo niifikie. Anadai siku ya kupimwa nilivaa viatu vya visigino. Yeye naye hajaisahau suruali niliyomshonea, ati inamwishia juu ya ugoko. Suruali haina kosa. Miguu yake ndiyo imepitiliza.

Nimeweka msimamo. Milimita atengeneze sayari, maana ni mbao tu. Kiumbe nitashona mimi.

Na nina mpango wangu pembeni. Jaji ni mwalimu mkuu, na koti atakalovaa siku hiyo nalishona mimi. Akilipenda koti, akampenda na mnyama, sare za shule nzima zitahamia kwangu. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Nikasema sayansi.

Jumanne, 7 Mei

Nimekata mnyama asubuhi na mapema. Kwa nini nisubiri? Dukani nina jora zima la satini ya waridi, la harusi ile iliyovunjika baada ya bwana harusi kutoweka. Limekaa rafuni likinikodolea macho. Sasa limepata mwenyewe. Nimemkata mrefu, miguu miwili myembamba, shingo ya madaha. Mwanamitindo kabisa!

Binti kaja, kaangalia, kashika kichwa. Kasema kwenye sayari ile kila kitu ni kizito mara tatu. Shingo kama hiyo itavunjika, moyo hautaweza kupandisha damu hadi kichwani, na akijikwaa mara moja tu amekufa. Nikamjibu kwamba atazoea, watu hubeba mizigo kila siku na hawafi. Akaniambia nijaribu.

Nikajaribu. Gunia la unga mgongoni, jingine kifuani, nimefungwa kwa kamba za mapazia. Nizunguke sebuleni tu, bila kuyatua. Mzunguko wa kwanza, mwanamume. Wa pili, nikashika ukuta. Kisha magoti yakasaliti. Mke wangu karudi kutoka sokoni kanikuta natambaa kwa miguu na mikono chini ya meza, Binti ananifuata akiandika. Kauliza nimedondosha nini. Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Nimekubali. Mnyama awe mfupi, mpana, na miguu mingi. Mgongo unaniuma. Kichwa pia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekata upya. Miguu sita minene imetanuka pembeni, tumbo karibu na ardhi. Binti kafurahi. Mimi pia, mpaka alipofika kwenye rangi.

Kasema chini ya jua dogo jekundu mimea ingekuwa myeusi, ili inywe mwanga wote isiache hata tone. Nikamuuliza mmea unakunywaje mwanga. Kaeleza. Sikuelewa, ila nilitikisa kichwa. Basi, akasema, mnyama anayejificha kwenye majani meusi hawezi kuwa wa waridi. Ataonekana na kuliwa.

Nilikaribia kulia. Jora zima! Kisha akili ikanijia ghafla. Nikamwambia, je, kama ana sumu? Anavaa rangi kali makusudi, maadui wamwone na waogope. Shangazi yake akivaa lile gauni la manjano, nani anamsogelea? Binti kaishika satini. Kafikiri. Kasema, baba, inawezekana kabisa.

Inawezekana kabisa! Sayansi iko upande wa satini. Nimejinunulia soda.

Ijumaa, 10 Mei

Suala la mlango. Sayari ya Milimita ni sanduku kubwa la plaiwudi, na mnyama atapitishwa kwenye mlango wa mbele. Nimemtuma mke wangu kwa kaka yake. Nimemwambia amwambie mlango uwe mpana kama meza yangu, ile mbovu, anaikumbuka vizuri. Na akiufanya mwembamba kama akili yake, tutaonana.

Mke wangu kaenda. Karudi. Kasema kaka yake kasema sawa. Nikauliza hakuongeza lolote? Kasema alinisalimu. Ajabu! Nimemwogopesha.

Binti naye kauliza kama tumeelewana kuhusu vipimo. Nikamwambia mimi na mjomba wake ni watu wazima.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu mkuu kaja kujaribu koti. Limembana kidogo kwapani. Kidogo sana. Nimemshauri avute pumzi ndani. Akavuta, likakaa kama limemwagwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama ataweza kunyanyua mikono. Nikamwambia mtu wa cheo chake hanyanyui mikono, wengine ndio wanaomnyanyulia yeye. Kapenda. Nimemshauri pia apunguze chakula cha usiku mpaka Jumamosi, koti liko tayari, ni yeye tu amebaki nyuma.

Jumanne, 14 Mei

Nimemjaza mnyama vipande vya nguo. Miezi yote ya takataka zangu imeisha ndani ya tumbo lake, bado akawa anataka. Amevimba. Ametanda juu ya meza, miguu inaning'inia pande zote. Wateja hawaelewi. Mmoja kauliza bei ya kochi. Mwingine kaingia, kamwona, katoka bila kuaga.

Macho. Binti anataka macho makubwa, kwa sababu mwanga ni hafifu. Nimetafuta duka zima. Vifungo pekee vyenye heshima ni vile vinne vyeusi vya koti la mwalimu mkuu. Nimechukua viwili. Mwalimu mkuu hafungi koti, ana tumbo.

Mnyama ananiangalia. Kapendeza, wallahi. Nilimfunika shuka nilipofunga duka, ila roho haikutaka.

Ijumaa, 17 Mei

Mwalimu mkuu kapita kuchukua koti. Kahesabu vifungo. Mtu gani anahesabu vifungo? Kasema kesho atalifunga, kuna mpiga picha. Nikasema viwili vinavyokosekana vinang'arishwa. Alipoondoka nikamng'oa mnyama macho. Nilifumba yangu wakati nafanya hivyo. Nikavishonea kwenye koti, nikalipeleka kwake mimi mwenyewe.

Binti hajui. Alikuwa chumbani anafanya mazoezi ya maelezo yake, anasema na ukuta. Nilisikiliza nyuma ya mlango. Sikuelewa robo, lakini mtoto anaongea jamani! Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikaogopa. Kwa mara ya kwanza nikawaza, je, akikosa kwa sababu ya mshono wangu? Nikarudi dukani kukaza nyuzi za miguu.

Jumamosi, 18 Mei

Siku gani hii!

Tulifika ukumbini mapema, mimi nimembeba mnyama kifuani, sioni mbele. Milimita yuko pale na sayari yake. Nakiri, sanduku lilikuwa safi, miamba ya mbao, mimea myeusi, taa nyekundu ndani. Ila mlango! Mwembamba! Mnyama wangu angebaki nje anabisha hodi tu.

Nikasahau kwamba hatusemeshani. Nikamuuliza kama ni mlango au tundu la panya. Naye akasahau, akauliza kama nimeleta mnyama au godoro. Mimi nikasema nilituma vipimo. Yeye akasema yeye ndiye aliyetuma vipimo, mnyama asizidi upana wa stuli. Sote wawili tukamgeukia mke wangu.

Mke wangu hakupepesa macho. Kasema kila mmoja wetu alimpa matusi marefu, na vipimo vikiwa katikati ya matusi. Yeye si punda wa kubeba matusi. Aliyatupa yote njiani, akafikisha salamu.

Kisha tukaanza upya. Mimi nikataka akate mlango kwa msumeno. Yeye akasema akikata, sayari nzima itaporomoka, nikate mnyama mimi. Nikasema mnyama wangu hakatwi na mtu. Watu wakaanza kujaa. Mwalimu mkuu alikuwa meza ya pili kutoka yetu, amefunga vifungo vyote vinne, anatembea kama ubao.

Hapo ndipo Binti akauona ule uso wa mnyama usio na macho. Kanitazama. Sikumtazama. Machozi yalimjaa, nikayaona, na nikatamani ardhi inimeze pamoja na satini yangu. Kachukua mkasi wangu mfukoni, kakata miguu miwili ya katikati, kamtoa matumbo nusu, kamkunja, kamsukuma ndani. Miguu iliyokatwa kaiweka mezani mbele ya watu. Nikafikiri mtoto amekata tamaa.

Mwalimu mkuu akafika. Akachungulia. Akauliza kiumbe gani huyu, kipofu, amebanwa, na hii miguu mezani ni ya nani.

Binti kavuta pumzi. Kaeleza kwamba wazee wa kiumbe huyu walikuwa wapana, wenye miguu sita na macho makubwa, wakiishi uwandani kwenye mvuto mkali. Kisha upepo wa ile hewa nzito ukazidi, ukawa unasomba kila kitu, na mahali pa kujificha palikuwa ni mapango tu, yenye milango myembamba. Wapana walikwama nje, hawakuacha watoto. Waliozaliwa wembamba kidogo waliingia, wakazaa wembamba zaidi. Kizazi baada ya kizazi miguu ya katikati ikapungua mpaka ikaisha. Na mle ndani, gizani, jicho halina kazi, nalo likapotea. Akainua mguu mmoja wa satini, kasema hii ni kumbukumbu ya wazee wake. Kisha akasema sayari haimwonei huruma kiumbe. Haipanui mlango.

Mwalimu mkuu akauliza, kwa hiyo kiumbe mmoja mmoja alijikaza akawa mwembamba? Binti akasema hapana, hakuna aliyejikaza. Waliobanwa walikufa tu. Wasiobanwa wakabaki.

Akaulizwa nani alimsaidia. Kasema, baba yangu na mjomba wangu. Bila wao kugombana nisingeelewa. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta leso.

Mwalimu mkuu akanyanyua mikono kupiga makofi. Nilimwona akinyanyua. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Koti lilipasuka kutoka kwapa hadi kwapa, kifungo kimoja kikaruka, kikaingia kwenye mlango wa sayari na kutua usoni kwa mnyama. Binti akasema hilo hawezi kulieleza.

Kashinda. Mwanangu kashinda! Mimi na Milimita tulikumbatiana, kisha tukakumbuka, tukaachana.

Jumapili, 19 Mei

Nyumba imejaa furaha. Binti ataondoka mwezi ujao, ataishi hukohuko shuleni. Nimezunguka sebuleni bila sababu. Nimekaa kitandani kwake kidogo alipokuwa nje.

Nimetafakari yote kwa utulivu. Ni wazi kosa lilikuwa la mlango. Nimemtuma mke wangu amwambie hivyo kaka yake, na mambo mengine mawili matatu. Karudi. Kasema ananisalimu.

Mwalimu mkuu kaleta koti. Hakuzungumzia sare, hata nilipozizungumzia mimi. Nimemweleza kwa upole kwamba alikula usiku, inaonekana. Kalikunja koti lake, kaondoka nalo.

Lakini jambo kubwa nimelielewa kwa Binti mwenyewe. Kiumbe akikutana na mlango mwembamba, anakuwa mwembamba. Alisema mbele ya ukumbi mzima! Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wateja, hawakunisikia.

Kwa hiyo sare yake ya shule mpya nimeshaikata leo. Sikumpima. Nampimia nini, mimi si baba yake? Nimekumbuka tu vipimo vya gauni lake la siku ya kwanza ya shule, nikaongeza vidole vinne. Nimemwita aijaribu. Kichwa kilipita. Mabega hayakupita. Kasimama katikati ya duka mikono juu, nusu ndani nusu nje, sauti yake inatoka kwenye kitambaa, anauliza, baba, nifanye nini?

Nimemwambia atulie. Mwezi mzima bado upo.