Siku Fundi Valerian Hakuiba

Pikapu ilisimama mbele ya kibanda ikiwa imepakwa tope la machimboni hadi kwenye vioo, lakini Fundi Valerian hakuitazama. Alitazama kile alichoshuka nacho mama mmoja: laptop, imefungwa kwenye khanga kama mtoto mwenye homa. Wapo watu ambao Mungu huwaonyesha njia kwa ndoto. Valerian alionyeshwa kwa laptop zisizowaka.

Katoro kila mtu anatafuta dhahabu ardhini. Valerian aligundua mapema kwamba ardhi ni ngumu na watu ni laini. Laptop ikigoma kuwaka, ikalia pi-pi-pi na kioo kikabaki cheusi, mara nyingi ni memori imeshika vumbi, na vumbi la Katoro halina adabu. Dawa yake ni kuichomoa, kuyasugua meno yake kwa ufutio wa shule, na kuirudisha. Kazi ya muda wa kutafuna karanga. Lakini fundi anayesema ukweli huo atakula ufutio. Kwa hiyo Valerian alikuwa akichomoa memori kubwa, akirudisha ndogo, kisha akimpa mteja pole. Zile kubwa zililala kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza.

Mbili zilizo bora kuliko zote hazikulala humo. Zilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, zimeviringishwa kwenye karatasi laini: za GB kumi na sita kila moja, mali ya mpima ramani mmoja ambaye mpaka leo anaamini laptop yake imezeeka pamoja naye. Hizo zilikuwa za Violeth. Violeth anahariri video za harusi Shinyanga mjini, na laptop yake ilikuwa na tabia ya kumgandisha bwana harusi mdomo wazi. Alimwambia Valerian bila kuzunguka: "Jumamosi niletee memori, nami nitakwenda nawe Didia kwa mama yako." Mama mwenyewe alishakata tamaa ya kuulizia mkwe, siku hizi aliulizia mvua tu.

"Shikamoo, mama," alisema Valerian.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndivyo wanavyonisingizia."

"Mimi Mama Ndaki, nina karasha la kusaga mawe kule Lwamgasa. Hii nikiwasha inalia, kioo giza."

Valerian akalaza sikio kwenye kibodi, akafumba macho. Hakusikia kitu, maana hapakuwa na kitu cha kusikia, lakini wateja hupenda sana hapo.

"Memori," akasema kwa sauti ya msibani.

"Jana ilikuwa nzima!"

"Ndivyo zinavyokwenda, mama. Jana nzima, leo marehemu. Iache hapa, upite jioni."

Mama Ndaki akavuta kiti, akakaa. "Mwanangu, mimi nasaga mawe ya watu. Mwenye mawe habanduki karashani mpaka dhahabu yake itoke. Anayebanduka, huyo ndiye mjinga wangu. Fungua nikiona."

Kwa wateja wagumu namna hii Valerian alikuwa na dawa. "Sawa, mama. Ila kifuniko kikifunguka kuna mionzi. Si nzuri kwa macho. Geuka kidogo tu."

"Mionzi!" Mama Ndaki akageuka haraka, akajifunika khanga usoni.

Hata Valerian mwenyewe aliuonea haya uongo ule. Ulikuwa umevaa ndala. Lakini ulikuwa umefika.

Akafungua kidirisha cha memori chini ya laptop, vidole tayari kwa mavuno. Ndani kulikuwa na nafasi mbili, zote tupu kama kapu la sadaka mwisho wa mwezi. Akapuliza, kana kwamba memori zinaweza kujificha nyuma ya vumbi. Kitu cha kwanza kilichompanda ni hasira ya kitaaluma: ni mshenzi gani amemwibia huyu mama kabla yangu, tena bila kumwachia hata ndogo?

"Mama," akasema, "humu hamna memori."

Mama Ndaki akageuka polepole. Akazitazama zile nafasi, kisha akamtazama Valerian. "Nimekuletea laptop ina memori. Umenigeuza, haina. Imeliwa na mionzi?"

"Haki ya Mungu sijachukua!"

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Miaka yote Valerian aliuza uongo Katoro nzima ukanunuliwa kwa foleni. Siku alipoleta ukweli sokoni, hakupatikana hata wa kuuliza bei.

Martina, jirani yake wa chapati, alishaacha moja inaungua. "Mwalimu Onesmo! Njoo usikie, fundi kameza memori za mama wa watu!"

Mwalimu Onesmo wa hesabu akaja na kikombe chake cha chai, na madereva wa bodaboda nyuma yake.

Mama Ndaki hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Valerian. "Kule machimboni, kwenye duara, dhahabu ikipotea shimoni hatugombani," alisema. "Hatoki mtu. Tunapekuana mmoja mmoja, mpaka kinywani. Tuanze na mimi." Akakung'uta khanga, akamwaga pochi mezani: simu, funguo, pipi. "Sasa wewe. Zangu ni mbili, za GB kumi na sita, zimebandikwa karatasi ya kijani, moja imekwaruzwa pembeni. Hilo kopo chini ya meza lina nini?"

"Maziwa," alisema Valerian.

"Unanyonyesha?" aliuliza Martina.

Bodaboda walicheka. Valerian hakuweza. Juu kabisa ndani ya lile kopo ilikuwepo memori ya Mwalimu Onesmo, yenye jina lake kwa wino usiofutika, maana mwalimu huandika jina hata kwenye kiti cha plastiki. Na mwalimu alishainama.

"Lifungue tu, fundi, tuyamalize."

Kopo lifunguliwe, Katoro imfundishe kutoa na kugawanya; au ampoteze Violeth. Valerian alikuwa bado anawaza kama mwanamume anayependa, mkono wake ukawaza kama mwizi. Ukaingia mfukoni mwa shati.

"Hizi hapa, mama! Nilizihifadhi zisipate baridi."

"Ulisema hamna."

"Humu hamna. Hapa zipo."

Akazisugua kwa ufutio taratibu, kama anayeosha maiti wa nyumbani kwake. Akazipachika, akabonyeza. Laptop haikulia. Kioo kikawaka, watu wakapiga makofi.

"Unaona?" Mwalimu Onesmo alimpigapiga begani. "Ukibanwa unakuwa fundi mzuri sana." Akarudi kwenye chai yake, wenzake wakamfuata.

Ni Valerian peke yake aliyesoma maandishi meupe kwenye kioo: diski haionekani. Akaiinua laptop, akaipima kwa mkono. Nyepesi mno. Lilikuwa ganda.

"Mayu," alinong'ona kwa heshima ya Kisukuma iliyomtoka yenyewe, "na diski nayo imeliwa na mionzi?"

"Diski bado sijapata." Mama Ndaki aliizima laptop, akaifunga kwenye khanga. "Ganda nililitoa kwenye vyuma chakavu. Hebu niambie, ng'wanawane, kuanzia hapa mpaka Geita, ni fundi gani anaiba diski?"

Valerian alijua angepaswa kukasirika. "Fredy, karibu na stendi ya Geita," akasema. "Yeye hana mionzi. Atakutuma ukanunue maji."

"Wabeja, mwanangu. Asante."

"Lakini ule mkwaruzo uliujuaje?"

"Mteja wa laptop hii alinionyesha picha. Binti wa video za harusi, Shinyanga. Aliniambia nilete ganda na diski tu, memori nisihangaike. Kuna fundi Katoro anatembea nazo mfukoni, na ana kopo hataki lifunguliwe. Anakusifu sana. Anasema huna siri."

Hakuwa nayo kweli. Picha aliipiga mwenyewe, na habari za kopo alizisimulia mwenyewe kwa ujumbe wa sauti, kwa madaha, akicheka katikati.

Pikapu ikashika njia ya Geita. Simu ya Valerian ikatetemeka. Violeth alikuwa ameandika: "Zile memori zangu zipo salama?"

Valerian alilitazama vumbi la pikapu hadi lilipotua. Kisha akaandika, na hakuona hata pa kutia uongo: "Zipo njiani zinakuja."

"Najua," alijibu Violeth. "Jumamosi msalimie mama."